Kumsitiri Mzee wa Kanisa

Mimi mwenyewe sijawahi kuvuta sigara hata moja. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo nililokuwa najiambia kwa miaka sita niliyosimama kaunta katika duka moja la Tottenham, London, na lilinitosha. Wanaovuta ni wao, mimi nakabidhi tu.

Duka lilikuwa la Mhindi mzaliwa wa Mwanza, mkazi wa Stanmore, ambaye Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu mimi mtu wa Tanga. Tuliuza unga wa sembe, dagaa, mihogo ya kugandishwa, yale majani ya mihogo ambayo Wakongo huita sombe, kadi za simu, na nyuma ya mgongo wangu, ndani ya kabati lenye milango ya kusukuma, sigara. Sheria ya nchi hii hairuhusu zionekane. Mteja anataja anayotaka, unasukuma mlango, unatoa pakiti, unafunga. Pakiti zote zina rangi moja kama ya tope, na kila moja ina picha ya kukutia kichefuchefu: mapafu meusi, meno yaliyooza, mguu wenye vidole vilivyokufa. Wapo waliokuwa wakiirudisha pakiti na kuniomba niwabadilishie, wanataka ya meno, hawataki ya mapafu. "Kwani unachagua ugonjwa?" nawauliza, na wao wanacheka, nami nacheka, wanatoka.

Nina mdomo, wanaonijua wanajua. Mtu akinitolea ufedhuli pale kaunta alikuwa akiondoka na chenji yake na maneno yake. Lakini mtu aliyenizidi umri akisimama mbele yangu ulimi unanata. Nimelelewa hivyo. Nimelelewa pia kwamba aibu ya mtu ukiiona unaifunika. Mama yangu alituchapa kwa kusema uongo, lakini alituchapa zaidi kwa kutoboa siri ya mtu mzima mbele za watu. Kwetu, kumsitiri mtu ni ibada.

Mzee ninayemsema alikuwa Mkongo wa Bukavu, mzee wa kanisa katika mojawapo ya makanisa ya pale mtaani, mrefu, mwenye kuvaa suti hata siku ya Jumanne. Nilimwamkia shikamoo tangu siku ya kwanza, na kwa kuwa kwao hawana salamu hiyo, alinijibu, "Ndiyo, mama." Akaendelea kunijibu hivyo miaka yote, nami sikumsahihisha. Alikuwa na ugonjwa wa mishipa ya miguu. Kutoka kituo cha basi mpaka dukani, mwendo wa dakika tatu, alisimama mara mbili na kujifanya anaangalia simu. Sigara alizianza kambini, enzi za ukimbizi, kudanganya njaa. Kanisani alikwisha kutoa ushuhuda kwamba ameacha, watu wakampigia makofi.

Mara ya kwanza alipokuja kwa ajili ya sigara alizunguka dukani robo saa nzima akishikashika mikebe ya nyanya, mpaka wateja wote wakatoka. Ndipo akasogea, akainamisha kichwa, akaitaja kwa sauti ya mtu anayetubu. Nilimwonea huruma. Nikatoa pakiti, nikaiviringisha kwenye karatasi ya kaki, nikaizamisha ndani ya mfuko wake, chini ya mihogo. Alinitazama macho yamemlowa. "Mungu akubariki, mama," alisema.

Kuanzia hapo hakuhitaji tena kutaja kitu. Nikimwona tu kupitia kioo anavuka barabara, mimi naviringisha. Nilichambua pakiti ili asiangukie ile yenye picha ya mguu. Juu yake nikatia pipi za minti, zawadi yangu, za kuua harufu. Akapotea wiki kadhaa, akarudi na fimbo, amekonda, akasema alikuwa hospitali. Nikampa pole, nikaviringisha. Niseme ukweli wote: nilikuwa naona fahari. Nilijiona mwema kuliko watu wote wa barabara ile.

Mkewe alikuwa msafishaji wa maofisi kule Stratford, anatoka alfajiri na kurudi adhuhuri. Mama mfupi, mcheshi, kila akija lazima anitanie kuhusu ugali wetu wa Tanzania, anasema ni laini kama uji. Siku moja aliingia na hakutania. Alingoja aliyemtangulia aondoke, akaegemea kaunta.

"Mama, niko na neno moja nakuuliza," alisema. "Dokta alimupasua muzee, alimuwekea mushipa mupya ku muguu. Alisema akivuta tena, ule mushipa utazibika, na muguu bataukata. Mie asubuhi siko ku nyumba. Lakini naona anakula pipi, pipi, kila siku pipi. Anakuya hapa kununua sigara?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilimwona mzee yule akifika nyumbani na kukuta anasubiriwa, nikaliona kanisa zima linamgeuzia shingo, nikajiona mimi ndiye niliyemvua nguo.

"Hapana, mama," nilisema. "Kwangu hajanunua."

Akashusha pumzi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, migumu kwa dawa za kusafishia. "Aksanti," alisema. "Basi leo nitalala."

Mimi ndiye sikulala. Kesho yake nilimweleza bosi, na bosi, ambaye hata chai ya rangi anaiogopa kwa ajili ya afya yake, alitikisa kichwa. "Sisi tunauza, dada, hatuhubiri. Ukimnyima wewe, ataingia duka la pili." Alisema kweli, na nikamchukia kwa kusema kweli. Lakini nilipokuwa nafuta kaunta likanijia jambo ambalo mpaka leo halijaniacha. Huko duka la pili wasingemviringishia. Angelazimika kuitaja kwa sauti mbele ya foleni, pengine mbele ya muumini mwenzake. Angetoka na pakiti mkononi. Aibu ile huenda ndiyo kitu cha mwisho kilichokuwa kinamzuia, na mimi ndiye niliyemwondolea, tena kwa mbwembwe na pipi juu.

Nilijaribu kumkatalia. Sikuthubutu kumwambia "sikuuzii," nikamwambia zimeisha. Hakubisha. Alivuta kreti tupu la soda, akakaa, fimbo magotini, akasema atangoja lori lilete nyingine. Saa nzima alikaa pale akisalimia kila anayeingia kama yeye ndiye mwenye duka. Kisha akaja mteja akataja sigara ile ile, nami kwa mazoea ya mikono nikasukuma mlango, na safu nzima ikaonekana, imejaa. Nilipogeuka, mzee alikuwa anaangalia magunia ya mchele. Aliangalia magunia kwa bidii kabisa, ili nisijue kwamba ameona. Yeye naye alikuwa ananisitiri. Mteja alipotoka, nikaviringisha.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa na adabu.

Baridi ilipoingia hakuja tena. Nilifurahi, nikajidanganya kwamba ameacha. Mkewe pia alipotea. Mwezi ulipita na zaidi, ndipo mteja mmoja wa kanisa lao akaniambia, huku anachagua dagaa, kwamba mzee wamemkata mguu, juu ya goti. Aliniambia kama mtu anavyokuambia habari za mvua, maana hakujua anazungumza na nani. Nilikwenda stoo, nikakaa juu ya gunia, nikalia kwa hasira. Hasira yangu mwanzoni ilikuwa kwa mzee. Nilimtukana moyoni, mtu mzima ovyo, ameambiwa na hasikii. Ilichukua siku nyingi hasira hiyo kupata njia ya kurudi kwangu.

Walikuja pamoja mwishoni mwa majira ya baridi, adhuhuri, mkewe anamsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Mzee alikuwa amevaa suti, na mguu mmoja wa suruali umekunjwa vizuri na kubanwa kwa pini. Nikamwamkia shikamoo. "Ndiyo, mama," alijibu.

Mkewe alipita kando ya kaunta, akanikumbatia. Hajawahi kunikumbatia kabla.

"Muzee ameniambia yote," alisema. "Alikuwa anaficha, ananunua mbali, kule hawamujui. Amesema hapa alikuya, na wewe ulimukataza. Kila mara ulimukataza. Mungu akubariki, mama. Ungekuwa wewe ndiye ndugu yake, haungemulinda zaidi."

Nilimtazama mzee. Alikuwa anaangalia magunia ya mchele.

Nami nikasema asante. Ndiyo, nilisema. Nilipokea shukrani ile na kuiweka, na kama siku ingeishia hapo ningeishi nayo, najijua.

Mkewe akaenda nyuma kwenye friza kutafuta sombe. Mzee akasukuma magurudumu kwa mikono yake mwenyewe, akakifikisha kiti mpaka kaunta. Kutoka chini pale ilimbidi ainue uso ili anione.

"Sikukutaja, mama," alisema polepole. Macho yake yakapanda mpaka kwenye kabati. "Moja tu."

Halikuwa tisho. Natamani lingekuwa tisho, ningelijibu kwa mdomo wangu. Alikuwa ananiomba nimfanyie wema ule ule tuliozoeana, na mkono wangu, Mungu ni shahidi, ulikuwa umekwisha kuishika karatasi ya kaki. Nilikuwa nimekwisha kuikunja pembe moja.

Nikaiweka chini. Nikaita, "Mama, njoo."

Alikuja na pakiti mbili za sombe, barafu inamdondoka vidoleni.

"Ni mimi," nilisema. "Alinunua hapa. Nilimuuzia mimi tangu mwanzo, na nilimfichia chini ya mihogo, na pipi nilimpa mimi. Siku ile uliponiuliza nilikudanganya. Sikumkataza hata mara moja."

Mzee alifumba macho. Ile aibu niliyoikimbia miaka yote ilikuwa pale, mchana kweupe, juu yetu wote watatu, na hakuna aliyekufa. Mkewe alinitazama, akamtazama mumewe, halafu akarudi nyuma, akaziweka zile sombe mahali pake na kufunga friza taratibu. Aliporudi alishika vishikio vya kiti.

"Ku kanisa sikuuliza mutu," alisema. "Batoto sikubauliza. Nilikuwa na haya sana, mama. Ni wewe tu nilikuuliza."