Sifa za Mapasa

Kila ninapochemsha wanga wa muhogo ili vitambaa vyangu vya viti visimame vizuri, harufu yake, nusu uji, nusu shati la Jumapili, hunirudisha katika ua wa mama hapa Kamina, na kitu hunichoma kifuani. Leo kazi hii ya kufuma inanilisha. Nina chumba changu cha kazi, na watu huagiza vitambaa vya sebule nzima kwa ajili ya harusi. Lakini ilianza kama mchezo wa mtoto, na kinachonichoma ni wivu. Niacheni niwaeleze polepole.

Jina langu ni Kabange. Anayejua majina yetu Waluba amekwisha kuelewa kwamba mimi ni pacha, na kwamba mbele yangu alitoka dada yangu Kyungu. Kwetu mapacha, au mapasa kama tunavyowaita, hawapimwi mmoja mmoja. Ukimpa huyu yai, na yule mpe yai. Ukimsifu huyu, msifu na mwenzake, la sivyo aliyenyimwa ataudhika na nyumba itaingia taabuni. Baba alikuwa fundi wa reli asiyeogopa chochote chenye magurudumu, lakini aliogopa kukata muwa mbele yetu, vipande visije vikapishana.

Mama alinifundisha kroshe, ile sindano yenye ncha iliyopinda, kabla sijajua kusoma. Nilifuma mlangoni, nilifuma nikichunga sufuria ya maharagwe, nilifuma hata kanisani mpaka nikafinywa. Kyungu hakuwa na habari na uzi. Yeye alipenda kuruka kamba na kuchimbachimba bustani nyuma ya nyumba.

Jirani yetu Mama Numbi, aliyeuza samaki wa Bukama karibu na gare, yaani stesheni ya reli, aliona kazi yangu akaniomba nimfumie vitambaa vya viti vyake. Nilifuma kiangazi chote. Siku ya kuvichukua alikuja na vipande viwili vya kitenge, vyekundu, vyenye ndege wa buluu, vinavyofanana kabisa.

"Moya ya Kyungu, moya ya Kabange," akasema. "Aksanti, bamama. Mikono yenu iko muzuri."

Mikono yenu. Nilihisi masikio yakipata moto.

"Kyungu hakufanya kitu, tantine," nikasema, maana ndivyo tulivyowaita majirani wa rika la mama. "Njo minyi nilifuma yote."

Mama Numbi akacheka. "Weye, unataka minyi nipate matata na mapasa? Samaki yangu itaoza mbele ya kufika ku gare."

"Nyamaza, Kabange," mama akasema. "Tumbo moya, sifa moya."

Kyungu alikunja kitenge chake, na mimi nikachukia hata namna alivyokikunja.

Baadaye akaazima kroshe yangu. Alihangaika nayo siku kadhaa, na kilichotoka kilikuwa kimepinda kama barabara ya Kabondo-Dianda wakati wa mvua. Nilifurahi, nawaambia kweli. Nilimsubiri Mama Numbi kwa hamu, maana sasa macho yake yangelazimika kututenganisha.

Alipokuja, akaweka kazi zetu mbili mapajani, akazipapasa.

"Iko muzuri sawasawa."

"Tantine, angalia muzuri," Kyungu akasema. "Ya minyi pia?"

"Sawasawa, mwanangu."

Kyungu akamgeukia mama. "Sawasawa," mama akasema, akiendelea kuchambua mboga. Kisha Kyungu akanigeukia mimi, akanitazama muda mrefu. Nikakaza midomo. Niliona kwamba sifa za watu wawili hazikumtosha, alitaka na zangu. Jioni ile akafumua kitambaa chake chote, akaviringisha uzi, akauweka kwenye mkeka wangu. Hilo nalo liliniuma: anatupa ovyo kitu ambacho mimi nimenyimwa.

Miaka mingi ilipita. Chumba changu cha kazi kilipokuwa bado kipya, mteja mgeni, asiyejua kama mimi ni pacha au la, alinirudishia kitambaa. "Mama, pembeni inavuta," akasema, bila hasira. Nilikigeuza nikaona kweli pembe moja imebana na kujikunja. Nilifumua, nikafuma upya, na nikashangaa jinsi moyo wangu ulivyotulia. Hapo ndipo nilipomwelewa Kyungu. Siku ile hakuwa anaomba sifa. Alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kumwambia kwamba kitambaa chake kimepinda, na katika ua mzima mimi peke yangu nilikuwa na hamu ya kulisema. Mimi nilinyimwa nusu ya sifa, lakini nilijua mikono yangu inaweza nini. Yeye alipewa nusu nzima, na haikumwambia lolote.

Sasa Kyungu analima mahindi Kaniama. Mwaka mmoja huvuna mpaka anakosa magunia, mwaka mwingine anapiga simu akilalamikia majani ya njano. Nikimsikiliza, ule wivu wa zamani huamka tena kidogo, kwa kuwa shamba humwambia yeye peke yake ni lini amefanya vizuri na ni lini amekosea. Mahindi hayajui mapasa.