Pazia la Upande wa Wanaume

Bi Okbun alikuwa mwenye bafu, na nusu ya bafu lake hakuwa na ruhusa ya kuikanyaga. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa mbili usiku, upande wa wanaume wa Bafu la Eunha ulikuwa nchi ya watu wengine, tena watu wasio na nguo. Yeye, aliyelipia kila kigae kilichobandikwa humo, alikaa nje kwenye kaunta, katikati ya milango miwili, akiuza sabuni na vitambaa vya kusugulia kupitia kidirisha chenye pazia. Upande wa wanawake aliingia na kutoka apendavyo. Upande ule mwingine macho yake yalikuwa ya mumewe, Sangdo. Sangdo alipofariki, miaka mitatu iliyopita, akabaki na macho ya Dalsu kinyozi.

Dalsu alikuwa na kiti kimoja na kioo kimoja ndani ya chumba cha kuvulia nguo cha wanaume. Mtu akitoka majini ngozi imelainika, anakaa, ananyolewa, anavaa, anakwenda zake sokoni akinukia sabuni. Kinyozi huyu alikuwa na miaka sabini na mmoja na kwa usafi alikuwa hana mchezo. Wembe mpya kwa kila kidevu. Vitana na mikasi ndani ya kisanduku cha taa ya buluu ya kuua vijidudu. Taulo zikishafuliwa anazichemsha kwenye sufuria lake kubwa, na aliyewahi kumwona akimfunika mteja taulo la mwenzake hajazaliwa. Maafisa wa afya walikuja wakaondoka miaka nenda rudi, hawakumwandika hata nukta. Kwa hiyo Bi Okbun alimwamini, na hakuona sababu ya kumuuliza maswali.

Mwisho wa Januari akaja kijana Tak, afisa afya mgeni wa wilaya. Akavua viatu, akakunja suruali, miwani ikamjaa ukungu. Alichota maji ya bwawa la moto la wanawake, akadondoshea dawa yake, maji yakageuka rangi ya waridi, maana yake klorini imo. Akaingia kwa wanaume, akachota, akadondoshea. Maji yakabaki vilevile. Akadondoshea tena. Vilevile.

"Mama, humu hamna dawa hata chembe," alisema, kwa upole, na upole wake ulimuudhi Bi Okbun kuliko kama angefoka.

"Nimetia mwenyewe alfajiri, kabla ya kufungua. Nimepima kwa mkono huu."

"Nakusadiki. Lakini mimi naandika ninachokiona." Akaandika. Siku kumi, atarudi kupima. Maji yakiwa hivihivi, bafu litafungwa wiki mbili. Na chini kabisa akaongeza: pazia la kidirisha ni chafu, lifuliwe.

Wiki mbili, mtu wa mbali anaweza kuona si kitu. Katika mji wao wa Uiseong, Februari ina baridi ya kupasua mawe. Zima tanuri la Eunha wiki mbili, maji yanaganda ndani ya mabomba, mabomba yanapasuka, na Bi Okbun hakuwa na uwezo wa kuyabadilisha. Mwanawe aliyehamia jiji la Daegu alikuwa ameshamwambia mara ngapi, uza mama, kuna watu wanataka kiwanja cha kuegeshea magari. Na wale wazee wakulima wa vitunguu saumu, wanaokuja gizani na migongo iliyopinda, ambao nyumbani wanapasha moto chumba kimoja tu kwa ubahili wa mafuta, wakaoge wapi? Wengine tangu wafiwe na wake zao, mtu pekee anayewagusa ni jirani anayewasugua mgongo pale bafuni. Hayo Bi Okbun aliyajua vizuri, maana hata yeye alikuwa akimtegea jirani mgongo upande wa pili.

Basi akaanza msako. Pazia hakulifua.

Hilo la pazia lilikuwa siri yake. Mwanamke huyu alikuwa anasugua mifereji kwa mswaki, anaanika ndoo juani, anagombana na kutu. Lakini pazia lile la buluu, lenye weusi wa vidole vya watu, hakuligusa tangu Sangdo azikwe. Mara mojamoja, hasa Jumanne jioni, lilikuwa likitoa harufu ya pakanga, majani machungu ya dawa. Sangdo alikuwa mtu wa pakanga. Kila Jumanne jioni alikuwa akipanda ngazi kwenda kulala akinukia majani hayo mpaka kwenye mto wa kulalia, na mkewe akimlalamikia kwamba analala na keki ya mchele iliyotiwa pakanga. Sasa harufu ile ilibaki kwenye pazia, au ndivyo alivyojiambia. Tangu baridi hii ianze ilikuwa inakuja hata kila siku, akadhani marehemu kamkumbuka zaidi. Alikuwa akiinamia daftari la wateja, akijifanya kuandika, kumbe anavuta pumzi. Alifue la nini?

Akaongeza klorini mara mbili. Saa kumi na mbili asubuhi mzee Chilgu, mwenye mdomo kuliko wote, akatoa kichwa kidirishani, macho mekundu.

"Mama, leo unatuogesha au unatufua? Nahisi nimemenya gunia zima la vitunguu."

"Vumilia, mzee. Serikali hiyo."

"Serikali ije ikae humu yenyewe."

Akaita fundi. Fundi akalala chini ya pampu nusu saa, akaibuka akisema pampu ni nzima kuliko yeye. Bi Okbun akamlipa, akampa na chupa ya maziwa yenye ladha ya ndizi, akabaki na tatizo lake.

Siku ya sita akaona hapa dawa ni kupima saa kwa saa. Akanunua matone kama ya yule kijana, akagonga kidirisha.

"Shemeji, nichotee kikombe cha bwawa la moto."

Dalsu alikuwa rafiki wa Sangdo tangu utoto, ndiyo maana wakaitana hivyo. Akachota, akapitisha mkono chini ya pazia. Saa kumi na moja, waridi iliyokolea. Saa kumi na mbili, waridi hafifu. Saa moja, hakuna kitu.

"Mbona kila saa, shemeji? Una nini na haya maji?" aliuliza Dalsu.

"Kuna mtu ananila dawa yangu humo ndani, na nitamjua."

Dalsu akacheka kidogo, akarudi kwenye kiti chake.

Kesho yake, kikombe cha saa moja kilipokuja, maji hayakugeuka, na rangi yake ilikuwa na umanjano wa chai iliyoongezwa maji. Bi Okbun alikiinua kwenye taa. Ukingoni kulikuwa kumenata kipande cha jani, kidogo kama ukucha wa mtoto mchanga. Akakishika kwa vidole viwili, akakisugua, akanusa.

Mteja alitaka shampuu, akampa dawa ya meno.

Kisha akagonga kidirisha. "Shemeji. Njoo hapa."

"Nina mtu kwenye kiti."

"Mwache na povu lake."

Miguu ya Dalsu ikaonekana chini ya pazia, ndani ya kandambili.

"Nani anatia pakanga kwenye bwawa langu?"

Ndani watu walikuwa wanamwagiana maji na kucheka.

"Mimi," alisema Dalsu.

"Tangu lini?"

"Mwanzo ilikuwa kila Jumanne tu… Shemeji, si ndivyo alivyokuwa akifanya Sangdo? Tukishafunga, watu wote wameondoka, anatumbukiza kifuko chake, tunaingia mimi na yeye, tunazungumza mpaka vidole vinakunjamana. Alipoondoka nikasema, nitaendelea. Nitamfanyia rafiki yangu kitu gani kingine? Makaburini kule mlimani kupanda siwezi, goti halitaki. Halafu Novemba, Chilgu akasahau kofia yake, akarudi, akanikuta. Akaingia. Akatoka anasema magoti yamerudi ujanani. Akawaambia wenzake. Wakanibembeleza, tutilie kila siku. Nikaona ni wazee, wanaumwa, nikawatilia. Kifuko kimoja tu, shemeji. Majani matupu. Dawa, si uchafu."

"Majani ndiyo yanayoila klorini. Yanaila yote, maji yanabaki moto na watu thelathini ndani, na kila kijidudu kimealikwa. Chilgu na kifua chake kile, akivuta humo maradhi ya mapafu, utamwambia ni dawa?"

"Sikujua."

"Sangdo alijua. Alikuwa anatia Jumanne jioni kwa sababu Jumatano tunafunga, na usiku uleule anayamwaga maji yote. Jani moja halikuona asubuhi. Ulikaa naye majini miaka ishirini hukumuuliza kwa nini Jumanne?"

"Tulikuwa tunazungumza mambo mengine," alisema Dalsu kwa sauti ndogo.

Hapo hasira ya Bi Okbun ingekwisha, kama ingekuwa ni hasira ya maji peke yake. Alilishika lile pazia kwa mkono wa kulia.

"Miaka mitatu nanusa kitambaa hiki," alisema. "Nikidhani ni yeye. Kumbe ni wewe na kifuko chako."

Aliona aibu kwa kusema hivyo, na machozi yakamtoka palepale, huku mteja wa shampuu amerudi kubadilisha dawa ya meno.

Miguu iliyo chini ya pazia haikusogea. "Pakanga ni ile ile ya shamba lake, nyuma ya nyumba yenu," alisema Dalsu. "Naichuma Mei kama alivyokuwa akichuma yeye. Sikukuibia, shemeji. Nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo maana hufui."

Bi Okbun akafunga kidirisha.

Jumatano, siku ya kufunga, akaingia upande wa wanaume na ndoo na brashi. Akamwaga bwawa, akasugua mpaka mabega yakawaka, akavuta kwenye tundu la maji tonge la majani yaliyooza ukubwa wa ngumi. Akapandisha klorini, akapima. Halafu akalishusha pazia, akalitia kwenye mashine ya kufulia, akaondoka chumbani ili asilione likizunguka. Likatoka jepesi, lenye buluu aliyokuwa ameisahau, likinuka sabuni na basi.

Alhamisi wazee wakagoma kwa maneno. "Maji gani haya," alisema Chilgu, "hayana harufu, hayana rangi, kama ya hospitali. Dalsu, mwanamke kakufunga kamba?"

"Amenifunga ndiyo," alisema Dalsu. "Anayetaka kutumbukiza hata jani la chai, kwanza apite kwenye wembe wangu."

Wakacheka, lakini magoti yalikuwa yanawauma kwelikweli, na baridi ilikuwa bado. Dalsu alinyoa asubuhi nzima akiangalia sufuria lake la taulo likitokota. Saa tano akalifunua, akatumbukiza kifuko cha pakanga ndani.

Kijana Tak alirudi Ijumaa, saa mbili asubuhi, bafu limejaa. Bi Okbun alimwona akipotelea mlangoni na kisanduku chake cha chupa, akabaki amesimama, mkono juu ya kaunta. Alisikia Chilgu akimuuliza kama ameoa. Alisikia maji yakichotwa.

"Na hii sufuria?" sauti ya kijana.

"Taulo," alisema Dalsu. "Nachemsha dakika ishirini. Majani yako kwenye kifuko, hayashiki kitambaa. Kila mtu taulo lake gotini, likitoka hapo linakwenda kufuliwa."

"Bwawani hayaingii?"

"Bwawani hayaingii tena mpaka nife, na baada ya hapo muulize mwingine."

Kijana alitoka miwani imejaa ukungu, akaweka chupa juu ya kaunta. Waridi, tena iliyokolea. Bi Okbun aliishika mkononi, ikiwa bado ina joto.

"Saa mbili, watu thelathini na mmoja majini," alisema Tak, akiandika. "Pazia pia limefuliwa, naona. Mama, hii ya taulo haimo kwenye vitabu vyangu, lakini kuchemsha ndiyo kanuni yenyewe, sasa niandike nini? Nimewekewa moja shingoni kwa nguvu. Ni nzuri." Akapiga mhuri, akainama, akavaa viatu.

Bi Okbun akampigia simu mwanawe wa Daegu. "Wale watu wa magari," alisema, "waambie watafute kiwanja kingine," akakata kabla hajajibiwa.

Kidirisha kikagongwa. Chini ya pazia safi ukapita mkono wa Dalsu, umeshika sahani, na juu ya sahani taulo lililokunjwa, mvuke ukipanda.

"La kwako, shemeji. Jipya, halijamgusa mtu. Pakanga ya Mei."

Mkono ukarudi. Bi Okbun alilikunjua taratibu, likamchoma vidole, akaliinua akajifunika uso wote, kuanzia paji mpaka kidevu, akavuta pumzi bila kujifanya anaandika chochote.

Mzee Chilgu alipogonga kidirishani kutaka sabuni, aliambiwa asubiri.