Mafuta ya Kiwele

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, dada yangu aliniambia kwamba ana uvimbe. Alikuwa anakamua, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe, nami nilikuwa upande wa pili nimeshika mkia. Kwetu dada hamtajii kaka yake titi. Aliweza kusema kwa sababu ng'ombe alisimama katikati yetu.

"Tangu lini?"

"Tangu tupande mahindi."

Tulikuwa tumeshavuna.

"Na umefanya nini?"

"Napaka mafuta ya kiwele. Mwenye kituo aliniuzia."

Mwenye kituo ndiye aliyenunua maziwa yetu, na katika chumba hicho hicho cha kupokelea maziwa aliuza dawa za mifugo. Dada alipomweleza kwa kuzungukazunguka, alielewa, akacheka. "Mama, kiwele ni kiwele. Kama inaponyanga ng'ombe wa lita kumi na tano, wewe itakushinda?" Alimuuzia makopo manne. Kila dada aliporudi, mtu huyo alimwambia ugumu hulainika polepole.

Sisi wafugaji hupapasa kiwele kila asubuhi. Kikiwa kigumu, tunajua ugonjwa na tunajua dawa. Kwa hiyo titi gumu lilionekana kuwa ugonjwa ule ule. Hata mimi ningekosea hivyo. Lakini mimi nisingeuza kopo la pili.

Nilimpeleka hospitali ya Mukumu, na daktari alisema ni saratani, na kwamba tungekuja mapema wangetoa uvimbe peke yake. Walikata titi lote. Dada alipona.

Nilimwendea mwenye kituo. Hakuinuka kitini.

"Nilimlazimisha? Mimi nauza dawa ya ng'ombe. Nenda ukasome vitabu vyako, profesa wa darasa la nane."

Nikasoma. Katika kijitabu cha ofisi ya mifugo nilijifunza kutumia laktomita, kipimo kinachoelea ndani ya maziwa: yakiwa halisi husoma kati ya ishirini na nane na thelathini na mbili, yakitiwa maji, kipimo huzama na namba hushuka. Nikainunua. Mtu yule ndiye aliyepeleka lita thelathini kila siku kwa shule ya chekechea, za uji wa watoto. Kwa ruhusa ya mpishi nilipima asubuhi ishirini. Mara mbili tu yalifika ishirini na nane. Siku nyingine zote watoto walikuwa wakinyweshwa maji meupe. Sikumwambia mtu. Mwenye kituo angesikia, angeleta maziwa mazuri wiki moja, kisha aitwe mwema.

Mkutano wa wazazi wa chekechea ulipofika, nilimwomba muuguzi wa zahanati aanze kwa somo la afya.

"Nani leo amepapasa kiwele cha ng'ombe?" Mikono yote ikainuka. "Na matiti yako mwenyewe, mama?" Mikono ikashuka, kicheko kikapanda.

Dada yangu akasimama. Alisimulia kila kitu, kopo kwa kopo, bila kutaja jina, macho yake kwa mwenye kituo, aliyealikwa kama mleta maziwa, tangu mwanzo hadi mwisho. Kicheko kilikwisha. Kisha nikaweka mezani jagi la maziwa aliyoyaleta mtu huyo asubuhi ile, na mwalimu mkuu mwenyewe akatumbukiza laktomita. Akasoma kwa sauti: ishirini na mbili.

"Ni mvua," akasema mwenye kituo. "Ng'ombe wamekunywa maji mengi."

"Basi wako wanakamuliwanga kwa mfereji!" akasema bibi mmoja wa nyuma.

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nautazama uso wake, na sikutaka kukosa chochote.

Wazazi walikata shauri siku hiyo hiyo kupeleka maziwa wenyewe kwa zamu. Padre wa parokia yetu aliniita, akanisihi nimsamehe mwenye kituo. Nilimjibu kwamba nimemsikia. Jioni dada aliniuliza kama sasa moyo umetulia. Nilimwambia bado, nikachukua kalamu. Lita thelathini, shilingi sitini kila lita, siku sitini na tano za masomo. Kwa muhula wa kwanza wa zamu hiyo peke yake, yule mtu angepoteza shilingi laki moja na elfu kumi na saba.