Kisu Kisicho na Ncha

Kipriani Niyitegeka alikuwa mchukuzi wa mizigo kwa baiskeli, na hakuwa na kisu. Pale kijijini Kumsenga, karibu na mpaka wa Burundi, mwaka 1976, watu waliliona jambo hilo kama mtu kutembea bila shati. Kila mwanaume alikuwa na kisu chake, mfukoni au kiunoni: cha kukatia ndizi, cha kumenyea muwa, cha kuchania tyubu za kufungia mzigo, cha kutolea mwiba kwenye unyayo. Kipriani alifungua mafundo kwa meno, na jino moja la mbele lilikuwa limemeguka kwa kazi hiyo. Tyubu ikihitaji kukatwa, aliilaza juu ya jiwe akaigonga kwa jiwe jingine mpaka ikaachia. Wachukuzi wenzake walicheka mwanzoni, baadaye wakazoea.

Alikuwa amevuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972, peke yake, akatokea upande wa Mabamba akiwa na nguo alizovaa tu. Kumsenga walimpa kipande cha shamba. Akalima, akanunua baiskeli kuukuu, akamwoa Esteri, binti wa hapo hapo kijijini, Muha, mchangamfu, mwenye kuimba akiwa jikoni. Walikuwa na mtoto mmoja, Josephina.

Nyumbani kwao Esteri ndiye aliyeshika kisu. Kila siku ya kuchinja mbuzi, Kipriani alijitafutia safari. Esteri alidhani kutoshika kisu ni mwiko wa ukoo wa akina Kipriani. Alimuuliza mara moja, mumewe akajibu "Ego," yaani ndiyo kwa Kiha, akainuka akaenda kuangalia mnyororo wa baiskeli. Esteri akaona basi, kila ukoo una mambo yake.

Asubuhi moja ya kipupwe walimwacha Josephina kwa bibi yake, wakaanza safari ya Kibondo kumtazama dada yake Esteri aliyekuwa mgonjwa. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni na baridi ilikuwa kali. Esteri alikaa kwenye keria, miguu upande mmoja, kitenge kimezungushwa shingoni na mabegani kuzuia upepo. Walipofika kwenye mteremko wa kushukia darajani, Kipriani aliiachia baiskeli ijiendee.

Hakusikia kelele yoyote. Alichohisi ni baiskeli kukwama ghafla kama imeshikwa mkono, kisha wakawa chini wote wawili, yeye mbele, Esteri nyuma.

Aliinuka akicheka. Walishawahi kuanguka. "Mama Josephina, pole," alisema, akageuka.

Esteri alikuwa amelala chali, kichwa kimevutwa mpaka kwenye gurudumu la nyuma. Ncha ya kitenge ilikuwa imeingia kwenye spoku, gurudumu likaizungusha na kuibana kati ya ekseli na uma, na sehemu iliyobaki ilikuwa imekaza shingoni mwake kama kamba ya kisimani. Macho yalikuwa wazi. Mdomo ulifunguka ukafunga, bila sauti. Visigino vilikuwa vinachimba vumbi.

Kipriani alijaribu kurudisha gurudumu nyuma, likagoma. Aliingiza vidole kati ya kitenge na shingo, visipite. Akauma kitambaa kwa meno, akavuta kama mbwa, kikawa kinateleza kwa mate yake tu. Alitafuta jiwe, akaliona, akajua hawezi kugonga jiwe shingoni mwa mkewe. Ndipo alipopiga ukelele, na ukelele wenyewe ulikuwa wa Kirundi, lugha aliyokuwa haitumii tena hata akiota.

Mwanamke mzee, Pelagia, alikuwa anang'oa maharage shambani kwake, juu ya barabara. Aliteremka mbio, magoti yake mabovu na yote.

"Kata!" alisema akiwa bado mbali. "Kata hicho kitambaa!"

"Sina kisu!"

"Kata wewe!"

"Sina, mama! Sina!"

Pelagia alichomoa kisu kidogo kwenye mkanda wa kanga yake, akampiga Kipriani kikumbo, akapitisha bamba la kisu likiwa limelala kwenye ngozi, kisha akaligeuza na kuvuta juu. Kitenge kiliachia. Esteri alivuta pumzi moja yenye mlio ambao Kipriani hakuwahi kuusikia kwa kiumbe chochote, akatapika, akavuta nyingine.

Mzee yule alikaa chini. Akamtazama Kipriani.

"Umekisahau nyumbani?"

"Sijawahi kuwa nacho."

"Kisu?"

"Ndiyo, mama."

"Mana yanje," alisema Pelagia, yaani Mungu wangu. "Mtu mzima." Alivyosema vile, Kipriani angeona afadhali apigwe.

Esteri alipona. Alama nyeusi ilibaki shingoni, ikageuka kuwa ya kijani, kisha ikafifia. Sauti yake ndiyo haikurudi. Kilichomtoka kilikuwa mnong'ono mkavu, hata Josephina alipokuwa mbali ilibidi apigiwe makofi ili aje. Msimu ule wote Kipriani alisukuma baiskeli bila kumpakia mtu. Siku moja Esteri akaweka ungo chini akamwambia, "Baba Josephina, twende Kibondo. Ukanunue kisu."

Kipriani akainama kupangusa keria ya baiskeli.

"Kama ni mwiko," alinong'ona, "kaniombee ruhusa kwa mizimu ya kwenu. Mimi sitakufa kwa mwiko."

"Si mwiko," alisema Kipriani. Akaanza kuisukuma baiskeli kuelekea njiani.

Walitembea kwa miguu mpaka Kibondo, baiskeli kati yao. Duka walilolifuata, kando ya soko, lilikuwa la Athuman, mtu wa Ujiji aliyefika huko kwa kupitia Kasulu, ambako kaka yake alikuwa na duka kubwa zaidi. Aliuza chumvi, taa za chemli, sindano na vipuri vya baiskeli. Zama zile vitu vilikuwa vya kubahatisha, lakini Athuman alijua pa kuvipata, na siku hiyo alikuwa na visu vitatu vya kukunja. Alivitandaza juu ya kitambaa, kwenye kaunta.

"Karibu ndugu. Karibu mama. Cha kazi gani?"

"Cha kukaa mfukoni," alinong'ona Esteri. "Kila siku."

"Basi hiki. Wote wananunua hiki." Aliinua kisu kirefu chenye mpini wa mti wa manjano uliopambwa kwa vinyota vya bati, na pete ndogo mgongoni. "Kina meno kwa ndani. Ukikifungua hakiwezi kukurudi kidoleni. Sikiliza." Akalivuta bamba polepole, kwa majivuno ya muuzaji.

Kra. Kra. Kra. Kra.

Esteri alihisi upepo ubavuni. Alipogeuka, mumewe hakuwapo. Gunia la chumvi lilikuwa limepinduka mlangoni, na nje alimwona Kipriani akikimbia katikati ya soko, mabega yamekunjwa, kichwa chini, kama mtu anayekimbia chini ya matawi.

Sauti moja ikasema, "Mwizi!"

Ya pili ikadakia, kisha soko zima likawa na neno hilo moja. Wabeba magunia waliacha magunia. Mwuza nyama alitoka na panga lake. Esteri alifungua kinywa kupiga kelele, na kilichotoka ni hewa. Alijaribu tena. Hewa. Watu walimpita wakikimbia, yeye akiwaambia "si mwizi, si mwizi" kwa sauti ambayo hata kuku aliyekuwa miguuni pake hakushtuka. Alirudi ndani akamshika Athuman kifua cha kanzu.

"Hajachukua kitu! Angalia! Hesabu!"

Athuman aliangalia kaunta. Viwili juu ya kitambaa, kimoja mkononi mwake. Aliruka kaunta bila viatu akakimbia, akipiga ukelele ambao Esteri hakuweza kuupiga: "Mwacheni! Vitu vyangu vyote vipo! Mwacheni!"

Walikuwa wameshamwangusha karibu na mahali pa kuanikia ngozi. Shati lilikuwa limechanika, damu ikimtoka juu ya jicho. Mbeba magunia mmoja, Gharibu, mtu wa kifua kipana, alikuwa amemkaba, na mwingine alikuwa anampekua mifukoni. Walipata vipande viwili vya tyubu. Kipriani hakujitetea. Hakuwa hata anawatazama.

"Mwacheni, nasema! Hajaiba!"

"Mbona alikimbia?" Gharibu aliuliza.

Athuman akaushika mkono uliomkaba Kipriani. Gharibu akafungua mkono. Aliyekuwa ameshika jiwe aliliweka chini taratibu, kana kwamba alikuwa amelitafutia kazi nyingine. Watu wakaanza kutawanyika bila kutazamana. Wangemuua. Kila mmoja pale alilijua hilo, na kila mmoja alirudi kwenye chumvi yake na samaki wake wakavu.

Athuman aliwaingiza wote wawili dukani akarudisha mlango nusu. Alileta bakuli la maji.

"Ndugu yangu, nimekukosea nini?"

"Hukunikosea. Ni sauti ya kile kisu."

Esteri alimfuta damu kwa maji, na akiwa anafutwa Kipriani akasema, akitazama sakafu:

"Kwetu palikuwa na jirani. Alikuwa na kisu kama hicho. Jioni alikuwa anakuja kwetu, anakaa na baba, anatumenyea miwa. Mwaka ule wa mauaji, watu walipoanza kuchukuliwa, baba alinisukuma ndani ya mtama, akaniambia nilale. Yeye akaenda kumtafuta mdogo wake. Jirani akaja na wenzake, wakakaa kwenye njia ya kwetu wakimsubiri arudi. Hawakuwa na haraka. Alikuwa anakifungua kile kisu, anakifunga. Anakifungua, anakifunga. Mchana kutwa. Mimi sikumwona, nilimsikia tu."

"Baba alirudi?" alinong'ona Esteri.

"Alirudi."

Esteri alibaki ameshika kitambaa kilicholowa. Alikuwa amelala na mtu huyu, amemzalia mtoto, amesimama mbele yake kila jioni akikata mboga kwa kisu huku akiimba. Na kila jioni mumewe alikuwa ameketi pale akisikia bamba likigonga ubao. Alitaka kusema pole, akaliona neno lenyewe ni dogo mno.

Athuman hakukikunja kile kisu, maana hata kukikunja kungetoa sauti. Alikizungushia kitambaa kikiwa wazi vile vile, akakiweka chini ya kaunta.

"Twende nyumbani," alisema Kipriani.

"Hapana." Esteri aligusa shingo yake. "Kisu tutanunua. Leo."

Akachukua cha pili mwenyewe. Kilikuwa kizuri, chekundu, kinene, kimejaa vitu: mkasi, kizibuo, msumeno mdogo, kifungua kopo. "Hicho ni cha wakubwa," alisema Athuman. "Aliniagiza mwalimu mmoja wa Moshi, kisha akahamishwa." Esteri alilowesha mikono kwenye bakuli la maji, iteleze kama ya mtu mwenye hofu, akajaribu kufungua bamba kwa ukucha. Ulitoka mkasi. Akajaribu tena, kikatoka kizibuo. Ukucha ukateleza.

"Mpaka akipate kisu humu," alinong'ona, "mimi nimeshakufa."

Akakirudisha.

Cha tatu hakikuwa na sura. Mpini mweusi uliochujuka, bamba moja pana na kifungua kopo basi. "Kiliachwa na askari wa zamani wa Keya, jeshi la wakoloni," Athuman alisema, karibu kwa kuomba radhi. "Kimekaa sana. Watu hawakipendi, hakina ncha. Tazama, mbele kimekatwa butu. Ni cha kukatia kamba. Huwezi kuchoma kitu nacho."

Kipriani aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Hata mtu?"

"Hata mtu. Labda umtupie kichwani."

"Kifungue."

Athuman alimtazama Esteri kwanza. Kisha akakifungua polepole, akiwa amekiweka mbali na mwili wake. Kilifunguka kimya, kama mlango uliopakwa mafuta.

Esteri alitoa kwenye kikapu kipande cha kitenge. Kipriani alikifahamu, kilikuwa kile kile. Hakujua kama mkewe alikihifadhi. Esteri alikichovya majini, akakikunja mara mbili, akakivuta kati ya mikono yake miwili.

"Kata."

Athuman alimgeuzia mpini. Kipriani alikipokea kama mtu anayepokea kaa la moto, na kwa muda kikawa kinatetemeka hewani kiasi kwamba Athuman alirudi nyuma hatua moja. Esteri hakurudi. Mikono yake ilikuwa imenyooka mbele, nguo imekaza. Kipriani akakata. Kitambaa kikaachana.

"Tena," alinong'ona mkewe.

Akakata tena.

Walipotoka, Gharibu alikuwa amesimama nje akiwashikia baiskeli. Alisema "Pole, ndugu," akaondoka haraka kabla ya kujibiwa.

Njia nzima ya kurudi walikuwa kwa miguu. Karibu na Kumsenga Esteri aliuliza, "Baba yako aliitwa nani?"

"Ndihokubwayo."

"Na yule jirani?"

"Jina lake silisemi."

Akaliacha. Hakumuuliza tena maisha yake yote.

Kisu kile butu kilifanya kazi miaka mitatu, mpaka masika moja kilipomponyoka Kipriani mtoni akiwa anavusha mzigo wa tumbaku. Alirudi nyumbani akasema kimepotea. Baada ya muda alipata safari ya Kasulu. Aliporudi, aliweka kisu kipya mezani. Kilikuwa cha kukunja, cha kawaida, na hakikutoa mlio. Esteri alikifungua, akapitisha kidole juu yake, na kidole kikasimama.

"Hiki kina ncha," alisema kwa sauti yake ile kavu.

"Ego. Kiti cha baiskeli kimepasuka, nataka kutoboa ngozi niishone. Kile hakikuwa kinatoboa." Akanyoosha mkono. "Nipe, kabla jua halijazama."

Esteri akampa.