Kopo la Udongo

Harufu ya majani ya nyanya, ile inayobaki vidoleni hata ukinawa kwa sabuni, hunipandisha hasira mpaka leo. Wenzangu wakiinusa hukumbuka mchuzi. Mimi humkumbuka Mama Kulwa, na Mungu anisamehe, simkumbuki kwa wema.

Nilikuwa na miaka kumi tulipohama Gongoni, mjini Tabora, kwenda kijiji cha Ujamaa upande wa Ntalikwa. Mama alipanda nyanya nyuma ya nyumba, zikamkubali, mpaka mnyauko ulipoingia. Jani hugeuka manjano upande mmoja. Mchana mmea unalala, jioni unainuka kukudanganya, baada ya siku chache umekwisha. Ukipasua shina, ndani ni kahawia tupu.

Jirani yetu Mama Kulwa ndiye aliyeongoza shamba la pamoja la akina mama. Akasimama mkutanoni, mkono kiunoni: "Huyu wa mjini atatuletea ugonjwa. Akigusa miche yetu tumekwisha!" Wakamtoa mama shambani. Alirudi na jembe lake, akakaa jikoni bila kuwasha moto. Tangu siku ile, kisimani wanawake walimpa mgongo. Hakuwa na ndugu pale, hakuwa na shoga. Shamba lile ndilo lililokuwa limempa watu.

Dawa ya moto ni moto, bibi yangu alikuwa akisema. Nikachukua kopo la maziwa, nikachota udongo chini ya nyanya zetu zilizokufa. Adhuhuri, Mama Kulwa akiwa shambani na wenzake, nikaufukia kwenye mizizi ya nyanya zake za nyumbani, nikazimwagilia maji kwa upole kama mlezi. Siku tatu mfululizo! Nikikutana naye njiani napiga goti: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Una adabu wewe, sijui umeirithi kwa nani."

Ngoja, nikasema moyoni. Utanijua.

Nyanya zake zikaanza kulala. Jamani, nilifurahi! Nilisimama uani kwetu nikimtazama anavyoshika kichwa, nikala muhogo wangu polepole ili utamu usiishe. Haukupita muda, shamba la pamoja nalo likanyauka lote, nami nikaona sawa tu, si walimtoa mama?

Lakini kwa Mama Kulwa ilibaki miche mitano. Watu walimwambia aing'oe, akakataa. Aliifunga vitambaa, akazuia watoto wasichume hata tunda moja. Nyanya zilipoiva alizikamua, akachanganya mbegu na majivu, akazipaka ukutani jikoni zikauke. Msimu uliofuata akazipanda palepale, kwenye udongo uleule mbaya. Chache zikafa, nyingi zikasimama. Akachukua tena mbegu za zile zilizosimama. Mwaka wa tatu, ungepita kwake ungedhani ugonjwa haujawahi kufika.

Ndipo alipokuja kwetu, mbegu kafunga kwenye pindo la khanga.

"Mama Zuhura, nilikuonea. Wewe hujakanyaga kwangu, na ugonjwa umenifika. Basi haukuwa wewe. Chukua hizi, na kesho uje shambani, wenzako wanakungoja."

Mama alilia, akaniambia nilete kigoda mgeni akae. Nilichemka! Miaka miwili ya kupewa mgongo inalipwa kwa fundo la mbegu? Nikakibwaga kigoda chini kwa kishindo, nikatoka.

Nilikuwa mtu mzima bwana shamba mmoja aliponieleza kwamba mnyauko hukaa udongoni miaka mingi, husafiri kwa jembe na nyayo. Nikalikumbuka jembe la Mama Kulwa, asubuhi kwenye matuta yake, baadaye kwenye shamba la pamoja. Mama hakupeleka ugonjwa popote. Mama Kulwa aliposema nyumba yetu italiua shamba lao, alikuwa mwongo. Mimi ndiye niliyeufanya uongo wake kuwa kweli, kisha nikamwacha aje kutuomba radhi.