Mfyonza majani wa Kirkmont na taa ya barazani

Saa moja asubuhi, baridi inauma masikio, na Virgil Hoelscher amekumbatia bomba nene kama gogo. Lori linanguruma hatua tatu mbele yake. Majani ya mialoni, mekundu, ya manjano, ya hudhurungi, yanainuka kutoka ukingoni mwa barabara na kumezwa.

"Mzee, unalishika hilo bomba kama mchumba," anapaza sauti Cedric Pruitt, dereva wa lori, kichwa kikiwa nje ya dirisha.

"Wewe endesha. Mchumba wako ni usukani, na haukupendi."

Virgil ana miaka sitini na mitatu. Huu ni mwaka wake wa ishirini na sita akifyonza majani ya mji wa Kirkmont, kando ya St. Louis, tangu katikati ya Oktoba hadi theluji ya kwanza. Halmashauri inamlipa dola ishirini na mbili kwa saa. Kiuno nacho kinamlipa kwa namna yake.

Leo ni Halloween, siku ambayo jioni watoto huvaa kama mizimu na vioja vingine, wakigonga milango kuomba peremende. Kila baraza lina boga lililochongwa macho na meno. Kwenye kona ya Mtaa wa Wabash, Virgil analizunguka lundo moja kubwa la majani na kuliacha palepale.

"Bosi atasema," Cedric anaonya.

"Aseme kesho. Watoto wakipita jioni wataruka wapi, kwenye lami?"

Kazi hii haimwachii mtu nafasi ya mawazo, lakini leo Virgil ana mawazo. Anauwazia mlango wake mwenyewe.

Huku kwetu mtoto hapewi peremende bure siku ya Halloween. Akigonga, lazima kwanza atege kitendawili au atoe kichekesho. Kwa miaka thelathini na mmoja, aliyewasikiliza watoto nyumbani kwa Hoelscher ni mkewe, Marlys. Virgil, mtu wa haya, alikuwa akikaa jikoni akikoroga sufuria ya maharagwe na nyama, vicheko akivisikia kwa mbali.

"Marlys alikuwa mgumu yule," anakumbuka jirani yao, Jolene Tackett, bibi wa miaka sabini. "Mtoto akisema hana kitendawili, anaambiwa kaa hapo kwenye ngazi mpaka ukumbuke. Mwanangu wa kwanza alikaa dakika ishirini, kavaa kama nyuki. Leo ni daktari wa meno, na bado anakisimulia kisa hicho."

Marlys alifariki Februari ya mwaka jana. Oktoba ilipofika, Virgil alinunua mifuko sita ya peremende, akajaza bakuli, akaketi nyuma ya mlango nalo mapajani. Alisikia nyayo kwenye majani makavu. Alisikia watoto wakicheka kwa Jolene. Kwake hakugonga hata mmoja.

"Nikasema basi, kumbe walikuwa wakija kwa Marlys, si kwangu," anasema. "Sikuwalaumu. Hata mimi nilikuwa nikirudi kwa Marlys."

Kesho yake Jolene alimuuliza mbona alijifungia. Taa ya barazani ilikuwa haiwaki, na kila mtoto wa Kirkmont anajua kwamba penye giza hapagongwi.

"Nikamwambia, taa ile inajiwasha yenyewe," Virgil anasimulia, akijikuna kidevu. "Miaka yote hiyo natoka kazini, naikuta inawaka. Swichi yake sijawahi kuigusa. Jolene akaniangalia. Halafu akasema, 'Virgil, ndugu yangu, hakuna taa inayojiwasha.'"

Binti yake wa pekee, Renae, anaishi Arizona na mwanawe mdogo. Tangu mwaka jana anamsihi baba yake auze nyumba, akakae naye.

"Huko Oktoba ni kama Julai," Virgil analalamika. "Hakuna jani linaloanguka. Nitafyonza nini, mchanga?"

Hata hivyo amemwahidi Renae jibu baada ya Halloween. "Wakinipita tena mwaka huu, nitakwenda. Nyumba isiyogongwa ni ghala."

Saa kumi na mbili jioni anawasha taa kwa mkono wake. Anatoka nje kuhakikisha, anarudi, anatoka tena.

Mzimu na maharamia wawili wanatoka kwa Jolene, wanafika kwenye uzio wa Virgil, kisha wanavuka barabara. Wamezoea kuiruka nyumba hii. Kundi la pili linafanya vivyo hivyo. Robo saa inapita.

Ndipo Virgil anapofanya jambo ambalo Jolene anaapa hakuwahi kuliona. Anabeba kiti kutoka jikoni, anakiweka barazani chini ya taa, anaketi na bakuli lake, bado kavaa koti la manjano la kazini.

Msichana wa miaka saba hivi, aliyevaa kama mwanaanga, anasimama ghafla.

"Wewe si yule mtu wa majani?"

"Ndiye."

"Kumbe una nyumba."

"Ninayo. Haya, tega."

Msichana anavuta pumzi. "Wakati wa joto navaa, wakati wa baridi navua."

Virgil anafikiri. Anatazama viatu vyake. "Ni mimi, nikienda kuoga?"

"Wewe! Babu, ni mti. Unashika majani kila siku na hujui mti?"

Anacheka mpaka kofia yake inamfunika macho. Virgil hana mji wa kutoa kwa kushindwa, anatoa chokoleti mbili. Msichana anageuka na kuwaita wenzake walio ng'ambo: "Njooni, huyu hajui kitu."

Wanakuja mbio. Hadi saa mbili wamefika arobaini na mmoja, na Virgil amepata jibu sahihi mara tatu tu.

Bakuli likiwa tupu, anampigia Renae.

"Siji, mwanangu," anamwambia. "Njoo wewe, Oktoba ijayo, na mtoto."

Renae anauliza nani atamtunza. Virgil anamwambia Jolene yupo, Cedric yupo, na kazini imebaki misimu miwili astaafu. Wanazungumza kwa muda. Mwishowe Renae anauliza tiketi zinunuliwe za lini.

"Mjukuu wangu ana miaka mitano, hajawahi kukanyaga jani kavu likalia," Virgil anasema akiweka simu mezani. "Hilo nitamfundisha mimi. Vitendawili atanifundisha yeye."