Mchezaji Niliyemtunga Alief

Marafiki wa baba yangu waliamini kwamba mpira wa kikapu wa vyuo ulikufa siku walipomaliza masomo. Kila Jumamosi ya Machi, msimu wa mashindano ya vyuo, tulitoka Stafford kwenda Alief, mtaa mwingine wa Houston, kwa anko Mkenya mwenye jiko kubwa la kuchomea nyama. Televisheni ilionyesha vijana wa leo ikiwa imezimwa sauti, ili isiwasumbue wazee wakikumbuka miaka ya themanini.

Baba alikuwa shahidi wao mkuu. Alipokuwa mwanafunzi hapa Houston alipata kibarua cha kupangusa jasho la wachezaji sakafuni. Wenzake wakitazama mechi kwenye televisheni ya bwenini, yeye alikuwa hatua tatu kutoka kwa kocha. Wakibishana nani aliruka juu zaidi, walimgeukia: "Mwenyekiti, sema." Akisema, imekwisha.

Mwaka 2018 nilikuwa binti wa miaka kumi na sita na hadithi zote nilishazijua. Nikaamua kuwaongezea mchezaji.

Nilichukua jina la kwanza la mwalimu wangu wa hesabu, nikaliunganisha na la ukoo la daktari wetu wa meno. Nikapeleka kachumbari nje, nikauliza kwa adabu zote, "Samahani, anko, yule wa mkono wa kushoto aliyevunjika kidole akamaliza mechi, mlimwona?" Nikamtaja.

 Anko akafumba macho kama anayeonja mchuzi. "Ai, huyo kijana. Huyo alikuwa moto."

"Soksi mpaka magotini," akadakia rafiki yao wa Tanga, mhasibu, mtu makini kabisa siku za kazi. "Na kocha alimpenda kama mwanawe."

"Alimpenda wapi? Si alimkalisha benchi mwezi mzima kwa kuchelewa basi?" anko akabisha.

Nilikimbilia jikoni nikachekea ndani ya friji. Niliporudi, mchezaji wangu alikuwa na mke, goti bovu na mgahawa Dallas.

"Mwenyekiti, sema," anko akamwambia baba.

"Huyo simjui."

"Humjui vipi?"

"Hakuwepo. Niliwajua wote, hata wale wa benchi."

"Labda siku hizo walikutuma kupangusa choo."

Wakacheka. Wa Tanga akaongeza, "Au hukuwahi kufika pale, bwana. Miaka yote hii unatupiga kamba tu."

Baba hakucheka. Aliweka sahani chini, akafuta mikono kidole kwa kidole. Hakuwa na picha wala tiketi ya kuwaonyesha. Alichokuwa nacho ni kuaminiwa tu, na mimi nilikuwa nimemharibia mbele ya watu aliowapenda.

"Nimemtunga mimi," nikasema.

"Nyamaza, mama," anko akanijibu. "Usimtetee babako."

"Anko, hilo ni jina la daktari wangu wa meno." Nikafungua simu, nikawaonyesha ujumbe wa miadi wenye jina lake: Jumanne, saa nane mchana, kusafishwa meno. Wakaipokezana, kila mmoja akiishika mbali na macho kwa kukosa miwani.

Wa Tanga ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Anko alikata ubavu ulionona, akampa baba kwa mikono miwili. "Mwenyekiti, ile ya choo naiondoa." Akanigeukia. "Na wewe utaosha wavu wa jiko."

Niliuosha. Haki yangu.

Kwenye gari nilisubiri hotuba. Baba akaendesha, akaendesha, kisha akauliza, "Huyo mtu wako, mitupo ya adhabu alikuwa anaipata?"

"Anakosa yote."

"Basi alikuwa wetu kweli. Timu yetu nzima ilikuwa inaikosa hivyo hivyo." Akacheka peke yake, halafu akaanza kunisimulia mechi moja aliyoitazama kutoka sakafuni. Tulipofika mtaani kwetu alikuwa bado kipindi cha kwanza, akaipita nyumba yetu, akaendelea.